Majibu ya Mtaa wa Nyuma ya Ukuta

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Kitivo chetu, ndugu Ofisa Mipango wa Manispaa uliyeziacha kazi zako kwa ajili ya mzee anayeondoka, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wa shahada ya uzamili ambao nusu yenu mmekuja kuhakikisha kwamba kweli naondoka, mke wangu uliyekaa hapo mbele, na wewe Sista uliyekaa safu ya mwisho karibu na mlango kwa sababu zamu yako inaanza saa nane: nawasalimu nyote, kila mtu kwa heshima yake.

Nimesikia maneno mengi mazuri asubuhi hii. Mkuu wa Kitivo amesema nimefundisha Mbinu za Utafiti kwa miaka ishirini na saba, kwamba hakuna aliyeandika tasnifu ya uzamili katika kitivo hiki bila kupita mikononi mwangu, na kwamba kitabu changu cha mafunzo, ambacho toleo lake la tano limewekwa juu ya kila kiti, ndicho kilichowafundisha vijana kuuliza swali na kulipima jibu. Mengine katika hayo ni ya kweli. Wanafunzi wao hawakusimama kulitaja jina wanaloniita, lakini nalijua. Mnaniita Mzee Sampuli. Nimelisikia koridoni miaka yote hii, na ninyi mkidhani masikio yangu yamechoka.

Ningependa kuwafurahisha. Mtu anayestaafu hupewa dakika ishirini achekeshe kidogo, alie kidogo, kisha akate keki. Mke wangu amenisihi wiki nzima nifanye hivyo. "Sema asante, shuka, turudi nyumbani," amesema, naye ana haki ya kusema, maana aibu yangu ataibeba pamoja nami. Lakini nimekuja kurudisha kitu nilichomnyang'anya mtu mbele ya watu, na mwenyewe ameniambia nikirudishe mbele ya watu. Kwa hiyo nawaomba radhi mapema walioiandaa sherehe hii, kwa kuwa nitawaharibia.

Ndugu wageni waalikwa, huenda baadhi yenu hamjui mwanafunzi wa uzamili anapitia nini kabla ya kuandika tasnifu. Haamki tu asubuhi akaandika. Kwanza anajifunza kuuliza. Anajifunza kuandika dodoso, yaani karatasi ya maswali, bila kumtia mtu maneno mdomoni. Anajifunza kuchagua atakaowauliza bila kuwapendelea waliomchekea. Anajifunza kunyamaza, jambo gumu kuliko yote kwa mtu mwenye shahada. Na kwa kuwa mambo haya hayafundishiki kwa ubao peke yake, mimi nilianzisha zoezi linaloitwa Wiki ya Dodoso. Kila mwaka, wiki ya tatu ya muhula, wanafunzi wote hutoka kwa geti dogo, huingia mtaa wa nyuma ya ukuta wetu, na kuwauliza wakazi maswali thelathini na mawili kuhusu kaya zao na huduma za afya.

Kwa nini mtaa ule? Kitabu changu, ukurasa wa sitini na mbili, kinasema ni kwa sababu una wakazi wa kila hali na kila kazi. Sababu halisi ni kwamba uko karibu. Na mimi mwenyewe nilikuwa wapi wakati wanafunzi wakigonga milango? Nilikuwa getini, kwenye kiti cha mlinzi, na daftari la mahudhurio mapajani. Miaka yote hiyo sikuwahi kuvuka geti lile, hata siku moja.

Majibu yalikuja. Mwaka wa kwanza yalikuja vurugu tupu, kama yanavyokuja majibu ya watu walio hai. Mwaka wa pili yakaanza kutulia. Kuanzia mwaka wa tatu yakawa yanafanana hivi kwamba tofauti ya mwaka mmoja na mwingine haikuzidi mbili katika mia. Kaya ya kawaida ina watu watano. Watoto ni watatu, wote wamepata chanjo. Kutembea hadi zahanati ni dakika kumi na tano. Huduma zinaridhisha.

Wanafunzi wangu mnajua tunavyosema darasani. Kipimo kizuri ni kile ambacho ukikirudia kinakupa jibu lile lile. Basi mimi nilikuwa na kipimo kilichorudiwa zaidi ya miaka kumi, mikononi mwa vijana tofauti, na jibu ni lile lile. Kichwa kilinivimba. Niliandika makala, ikachapishwa. Niliitwa mikutanoni kueleza nilivyofanikiwa. Nilipandishwa cheo kwa makala hiyo, na jedwali lake lipo katika sura ya tano ya kitabu mlicho nacho mkononi, likiwa mfano wa data safi. Ofisi ya mipango iliomba nakala, nikaipelekea kwa furaha, nikiwa nimetia sahihi.

Sasa niwaeleze habari za Sista.

Miaka saba iliyopita aliingia darasani kwangu muuguzi wa wodi, mtu mzima mwenye watoto, aliyepewa likizo ya masomo ya miaka miwili na hospitali yake, miwili kamili, bila hata siku moja ya nyongeza. Alikaa mbele. Aliandika kila kitu. Tulipofika Wiki ya Dodoso nilimpa karatasi arobaini kama wenzake, na Ijumaa wenzake walipokabidhi karatasi arobaini zilizojaa, yeye alikabidhi arobaini tupu, na juu yake kurasa tatu alizoandika kwa mkono.

Nilimsimamisha. Nakumbuka kila neno, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nakisimulia kisa hiki kama kichekesho.

Nilimuuliza, "Sista, mbona dodoso halijajazwa?"

Akasema, "Sikuweza, mwalimu. Majibu yalikuwa yanakuja kabla sijamaliza kuuliza."

Darasa likacheka. Nikasema, "Na hizi kurasa tatu ni nini?"

"Nilimwomba mama mmoja, fundi cherehani, tutoke naye tuende zahanati kwa miguu. Alikuwa ameniambia dakika kumi na tano. Tulitumia saa moja na dakika kumi, na tulipumzika mara tatu. Ana presha."

"Mama mmoja?"

"Mmoja."

"Yaani sampuli yako ni mtu mmoja."

"Ni mmoja, mwalimu, lakini nimetembea naye."

Nikamwambia, "Utafiti si matembezi."

Waheshimiwa, darasa lilipiga meza kwa kicheko. Na mimi nilijipenda sana siku ile. Nililipenda lile jibu langu hata nikaliweka kitabuni. Mkifungua ukurasa wa sabini na moja mtalikuta ndani ya kisanduku, limeandikwa kwa herufi nzito. Vizazi vya wanafunzi vimelikariri. Yeye alikaa, akafunga daftari. Nilimpa alama thelathini na nane katika mia, kwa maelezo kwamba hakufuata utaratibu, na bila kufaulu Mbinu za Utafiti mtu haruhusiwi kuanza tasnifu. Likizo yake ikaisha. Hospitali haikuongeza. Akarudi wodini kwenye meza ile ile, na leo msimamizi wake ni kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kuchoma sindano.

Je, nilimkumbuka? Ningependa kusema kwamba dhamiri ilinisuta. Haikunisuta. Nilimsahau, isipokuwa nilipohitaji kuchekesha darasa.

Miezi minne iliyopita nilianza kufungasha vitu vyangu ofisini. Nikafikiri, si vibaya mzee kwenda kuwashukuru watu wa mtaa ule, waliotufungulia milango miaka yote. Nikavaa koti, nikavuka geti dogo. Ni hatua kama themanini tu hadi nyumba ya kwanza. Barazani palikuwa na cherehani, na nyuma yake dada wa miaka thelathini hivi, anashona sare za shule. Nikamsalimu, nikamwambia natoka chuoni. Basi kabla sijaendelea, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa, akaanza: "Kaya ina watu watano, watoto watatu, chanjo wote wamepata, zahanati dakika kumi na tano, huduma zinaridhisha. Andika, mwalimu, usimame kwenye kivuli."

Nikamwambia sikuja na dodoso. Akashangaa. "Basi umekuja kufanya nini?"

Nikamuuliza ni kweli anaishi na watu watano. Akacheka. "Niko peke yangu na mwanangu. Mama alifariki mwaka juzi."

"Mbona unasema watano?"

"Si ndiyo majibu?"

Nadhani alidhani namjaribu. Akavuta droo ya cherehani, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaninyooshea. Alisema mwaka wa kwanza kabisa mwanafunzi mmoja aliisahau pale barazani, na mama yake akaitunza. Mwanzoni aliitunza ili mwenyewe akirudi aipate. Baadaye, alipoona kila mwaka watoto wa watu wanakuja na maswali yale yale, wanatoka jasho, wana wasiwasi wa mitihani, aliona heri awasaidie. Akawapitishia majirani. Nyumba hadi nyumba. Wageni wakihamia mtaani walielekezwa bomba la maji liko wapi, na majibu ya chuo ni yapi.

Niliifungua ile karatasi. Ilikuwa dodoso langu la mwaka wa kwanza, limejazwa kwa wino wa kijani. Ndugu zangu, katika kitivo kizima ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiandika kwa wino wa kijani, na mnamsikiliza.

Nilikuwa nimeijaza mwenyewe. Niliijaza mezani kwangu nikinywa chai, ili kuwaonyesha wanafunzi alama ya vema inawekwa wapi, nikatoa nakala, nikawagawia, na hii halisi ikaenda na mmoja wao. Kuijaza kulichukua pengine dakika tano. Na kwa kuwa ilikuwa mfano tu, sikujisumbua kubuni kaya. Niliandika ya kwangu. Watu watano walikuwa mimi, mke wangu na wanetu watatu. Dakika kumi na tano ndizo nilizotumia kutoka nyumbani kwetu hadi kliniki ya watumishi. Mke wangu, nisamehe, sikukuambia sehemu hii. Kwa miaka kumi na tisa mtaa mzima ulikuwa ukijibu kwa familia yetu.

Ile data safi ya sura ya tano, hiyo iliyonipandisha cheo, ilikuwa ni mimi najiuliza na kujijibu. Na makosa haya asingeweza kuyafanya mtu ambaye hakusoma. Fundi viatu akiuliza watu mia na wote wakamjibu kwa maneno yale yale, atajua mara moja kuna kitu. Ni mimi tu, na elimu yangu, niliyeuita ule mpangilio uthabiti.

Nilimuuliza yule dada, kwa nini hamkuwaambia wanafunzi ukweli? Akaniambia, "Mama alisema karatasi imetoka kwa wakubwa. Kama wameandika dakika kumi na tano, basi wanajua wanachohesabu. Sisi tulidhani labda ni dakika za gari."

Ndugu Ofisa Mipango, nakuomba uvumilie sehemu hii, na sikulaumu wewe, kwa sababu faili ulilikuta. Mtaa ule umeandika barua tatu kuomba zahanati. Nimezisoma zote, dada yule ana nakala. Na nimesoma majibu. Yote matatu yanasema kwamba, kwa mujibu wa utafiti wa kitaalamu, wakazi wanafikia huduma kwa dakika kumi na tano na wameridhika. Barua ya mwisho imenitaja kwa cheo changu kipya.

Yule mama fundi cherehani alitakiwa kwenda kuchukua dawa za presha kila mwezi. Saa moja na dakika kumi kwenda, na kurudi vile vile, na njiani kuna mteremko na barabara kuu ya kuvuka. Alikwenda. Kisha akawa anakwenda mwezi mmoja anaruka mmoja. Kisha akaacha. Upande wa kulia ukapooza kwanza, akashona kwa mkono wa kushoto kwa miezi kadhaa, bintiye akimwongozea kitambaa, na mwaka juzi akafariki. Siwezi kusimama hapa nikadai kwamba karatasi yangu ndiyo iliyomuua. Nimefundisha miaka ishirini na saba kwamba jambo kutangulia jingine si ushahidi kwamba limelisababisha. Lakini sijalala vizuri tangu siku ile, na darasa langu lote halina somo linaloniambia nifanye nini na hilo.

Nilichoweza kufanya nimekifanya, na ni kidogo. Nimeandikia jarida kuomba makala yangu ifutwe. Barua kwa manispaa iko mezani kwako, ndugu Ofisa. Ina ukurasa mmoja, nayo inasema takwimu zile zisitumike kwa lolote. Nimemwandikia pia Msajili kuomba alama za Sista zisahihishwe. Amenijibu kwa heshima zote kwamba rufaa ya matokeo hupokelewa ndani ya siku thelathini tu, na akaniambatanishia kifungu. Kifungu hicho nilikiandika mimi, nilipokuwa katibu wa kamati ya mitihani. Mheshimiwa Makamu Mkuu, una mamlaka ya kukivuka. Nakuomba mbele ya watu hawa ukivuke. Sista mwenyewe hajaniomba nikuombe. Aliniambia kwenye simu kwamba ana miaka arobaini na sita, na kwamba hospitali haitampa likizo nyingine.

Aliniambia na jambo jingine. Nilipompigia nilitaka yaishe pale pale kwenye simu, sisi wawili. Nilieleza, nikaomba radhi. Kisha akasema, "Mwalimu, ulinisimamisha mbele ya darasa zima. Hayo unayoniambia, yaseme mbele ya watu." Ndiyo maana nimemwalika, na ndiyo maana yuko pale mlangoni na sare yake.

Wanafunzi wangu, mnaokwenda kuandika tasnifu mwaka huu, nawaachia nini? Nilikuwa na ushauri mwingi, nimeufuta wote. Wiki ya Dodoso ya mwaka huu msiende mtaa ule. Ama mkienda, acheni karatasi huku, mkawaombe watu hao radhi kwa niaba yangu, na mkubali wakiwafukuza.

Imebaki sehemu moja tu, na hii sikuisema kwenye simu. Sista, nilishindwa. Nilidhani nitaimeza niondoke nayo, na leo asubuhi nikaona haya.

Yule binti alipokuwa anaikunja ile karatasi, nilimuuliza kama mama yake aliwahi kumwambia mwanafunzi yeyote ukweli. Akasema mara moja tu. Alikuja muuguzi mmoja, mpole, akakaa naye barazani, akamuuliza afya yake bila kuandika. Mama alikuwa ameshampa majibu ya karatasi, lakini akaona huyu hapana, huyu siwezi kumwacha nayo. Akafunga cherehani, wakatembea.

Mwaka uliofuata walipokuja wanafunzi wapya, mama akauliza habari zako. Wakamwambia umefeli, umerudishwa kazini. Walimwambia wakicheka, na wakamwambia na nilichokisema. Binti anasema mama aliingia ndani, hakushona siku ile. Tangu hapo hakuruhusu mtu yeyote mtaani abadilishe hata neno. Aliwaambia majirani kwamba aliwahi kumwambia mtoto wa watu ukweli mara moja, na akamharibia maisha. Na kila mwaka, miaka minne, hadi alipokuwa hawezi tena kusema vizuri, aliwauliza wanafunzi wangu mlangoni kwake kama yule muuguzi amesamehewa. Hakuna aliyejua anamzungumzia nani. Nami nilikuwa hatua themanini kutoka hapo, na daftari langu la mahudhurio.

Amekufa akiamini yeye ndiye aliyekufelisha.

Sista, katika miaka yote ya kufundisha kwangu, kurasa zile tatu ndizo utafiti pekee uliowahi kufanyika katika mtaa ule. Ulikuwa sahihi. Yeye alikuwa sahihi. Nilikosea mimi, nikakuadhibu wewe, na yeye akaibeba adhabu ile hadi kaburini, na huko siwezi kwenda kumwambia.

Waheshimiwa na ndugu zangu wote, mmenisikiliza hadi mwisho ingawa hamkuja kwa ajili ya haya. Nawashukuru kwa hilo.